Gasketi ya Manifoldi Haiungui Bure

Ubavuni mwa hedi ya injini kuna matundu ya aina mbili: yanayoingiza hewa kwenye silinda na yanayotoa moshi. Vyuma vinavyoziunganisha njia hizo huitwa manifoldi, moja ya hewa na nyingine ya ekzosi. Kati ya manifoldi na hedi hukaa gasketi, kipande chembamba chenye kazi ya kuziba mianya midogo ambayo chuma kikikutana na chuma hakiwezi kuiziba chenyewe. Ni spea ya bei nafuu ukilinganisha na pampu ya dizeli au turbo, na kwa sababu hiyo hununuliwa haraka na kufungwa haraka. Mteja hulipa, gari hutulia, kisha baada ya miezi michache mlio ule ule wa moshi unaovuja hurudi. Gasketi nyingine hununuliwa, na lawama humwendea muuza spea wa Gerezani jijini Dar es Salaam au wa Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi kwamba ameuza mali feki.

Mali feki zipo, hilo halina ubishi. Lakini katika magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne, gasketi huungua mara nyingi kwa sababu vyuma viwili ilivyowekwa kati yake havijanyooka tena, au stadi zinazovibana zimelegea, zimekatika, au zimebaki zikining'inia kwa nyuzi mbili. Kubadilisha gasketi peke yake katika hali hiyo ni kulipa fedha za kuahirisha kazi.

Chanzo cha yote ni joto. Moshi unaotoka kwenye silinda ya dizeli inayovuta mzigo mzito hufikia nyuzi joto 600 au 700 za Selsiasi, na kwenye injini ya petroli hupanda zaidi ya hapo. Chuma cha kusubu, ambacho ndicho hutengenezewa manifoldi nyingi za ekzosi, hutanuka kwa takriban sehemu 11 kwa kila milioni kwa kila nyuzi moja. Manifoldi yenye urefu wa nusu mita ikipanda nyuzi 500 hurefuka kwa zaidi ya milimita mbili na nusu. Hedi iliyoishikilia hupozwa na maji na hubaki karibu na nyuzi 90, kwa hiyo hata ikiwa ya aluminiamu, madini yanayotanuka maradufu ya chuma, haitarefuka hata milimita moja. Tofauti hiyo ya takriban milimita mbili lazima ipate pa kwenda. Sehemu ya katikati hubaki mahali pake na ncha mbili ndizo zinazosogea, kila moja kama milimita moja kwenda nje, kisha hurudi injini inapopoa. Hivyo ndivyo inavyokuwa kila gari linapowashwa na kuzimwa, mwaka hadi mwaka.

Wabunifu wa injini wanalijua hilo. Ndiyo maana matundu ya bolti kwenye ncha za manifoldi mara nyingi huwa makubwa kuliko ya katikati, na ndiyo maana gasketi nzuri ya ekzosi ina uso unaoruhusu chuma kuteleza juu yake bila kuichana. Fundi anayekaza stadi za pembeni kwa nguvu zote za mkono na bomba la kurefushia spana huua mpango huo. Manifoldi ikikosa nafasi ya kuteleza hupinda, na ikikosa nafasi ya kupinda hukata stadi au hupasuka.

Mfano ulio wazi zaidi ni Land Rover Defender na Discovery zenye injini ya 300Tdi, iliyoanza kufungwa mwaka 1994. Ni dizeli ya silinda nne, lita 2.5, yenye hedi ya aluminiamu na manifoldi ya ekzosi ya chuma cha kusubu. Milango ya manifoldi hiyo imeunganishwa kwa mbavu za chuma zinazotoka tundu moja hadi jingine. Mbavu hizo huifanya imara inapokuwa baridi na huifanya ipinde inapochemka, na stadi ya mwisho ndiyo hukatika kwanza. Baadhi ya mafundi huipeleka kwenye mashine isawazishwe uso, kisha hukata mbavu kati ya milango ili kila mlango usogee kivyake. Anayeona msumeno ukipita kwenye spea ya kiwandani huweza kushtuka, lakini hesabu ya kutanuka iliyotajwa hapo juu inawapa mafundi hao haki.

Familia nyingine ya magari inaongeza ugumu wake. Kwenye Land Rover za zamani za petroli zenye injini ya lita 2.25, iliyoanza na Series II mwaka 1958, manifoldi ya hewa na ya ekzosi ziko upande mmoja wa injini, zimefungwa bolti moja kwa nyingine, na zinatumia gasketi moja. Toyota Land Cruiser za petroli zenye injini ya 2F, silinda sita na lita 4.2, iliyotengenezwa kuanzia 1975 hadi 1987, zimepangwa vivyo hivyo. Jeep ya lita 4.0, ambayo Afrika Mashariki haikuenea sana, nayo iliweka manifoldi zote mbili upande mmoja na kuzifanya zigawane bolti na gasketi tangu 1987 hadi 2006. Kwenye injini za kabureta mpangilio huu ulikuwa na sababu nzuri: joto la ekzosi hupasha sakafu ya manifoldi ya hewa na kusaidia petroli igeuke mvuke asubuhi ya baridi. Baridi ya Solihull, zilikotengenezwa Land Rover, haiko Dodoma wala Garissa, lakini gharama ya mpangilio huo ilisafiri pamoja na gari. Vyuma viwili vyenye joto tofauti, vilivyobanwa kwenye gasketi moja, huvutana. Kimoja kikipinda kwa unene wa karatasi chache, kingine hakikazwi sawasawa tena.

Kuhusu gasketi zenyewe, maelezo machache yanatosha. Za upande wa hewa huweza kuwa za karatasi ngumu, za nyuzi zilizoshindiliwa, au za mpira mgumu unaovumilia mafuta, kwa sababu huko joto ni dogo. Za ekzosi huwa za grafaiti yenye bati la chuma ndani, au za tabaka kadhaa za chuma chembamba chenye migongo inayojibana. Mafundi hodari wa kukata gasketi kwa nyundo kutoka kwenye karatasi wanafanya kazi halali kwenye nyumba ya thamostati au mfuniko wa pampu ya maji. Kuwapa kazi ya gasketi ya ekzosi ni kuwaonea: karatasi ile haikutengenezwa kukaa mbele ya moto. Jambo moja linahitaji tahadhari ya afya. Gasketi za magari ya miaka ya 1970 na 1980 huweza kuwa na asbesto. Mabaki yake hayakwanguliwi yakiwa makavu wala hayapigwi brashi ya waya ya mashine. Hulowanishwa kwanza, kisha hukwanguliwa taratibu na kufungwa kwenye mfuko kabla ya kutupwa, kwa kuwa vumbi la asbesto likivutwa huleta magonjwa ya mapafu yasiyo na tiba, saratani ikiwemo.

Dalili ya kwanza ya uvujaji upande wa ekzosi huwa mlio. Asubuhi injini ikiwashwa husikika tik-tik ya haraka inayofuata mzunguko wa injini, na wengi huidhania ni vali zinazohitaji kurekebishwa. Tofauti ni kwamba mlio wa ekzosi mara nyingi hupungua au kupotea baada ya dakika chache, chuma kinapotanuka na kuuziba mwanya, halafu hurudi gari linapopanda mlima au kuvuta mzigo. Mwenye gari husikia mlio umenyamaza na kuamini kwamba injini imejitibu. Baadaye huja alama ya masizi meusi kwenye hedi, kando ya mlango unaovuja, kisha harufu ya moshi ndani ya gari.

Harufu hiyo si ya kuvumilia. Ndani ya moshi wa injini, hasa ya petroli, kuna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu yake yenyewe, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Abiria wanaolalamika kuumwa kichwa na kusinzia safarini huweza kuwa wanaieleza hali hiyo bila kuijua, na mashimo ya kupitisha nyaya kwenye ukuta kati ya injini na abiria, ambayo kwenye magari ya zamani yamepoteza mipira yake, ndiyo njia yake. Mbali na sumu, mwali unaotoka kwenye mwanya huyeyusha nyaya na huweza kufikia mpira wa mafuta ulio jirani.

Kwenye dizeli yenye turbo, mwanya huo hula nguvu za gari. Moshi ndio unaozungusha turbo, na unaovuja kabla ya kuifikia ni nguvu iliyopotea: turbo husukuma hewa pungufu, moshi mweusi huongezeka, mafuta hutumika zaidi, na joto la ekzosi hupanda na kuzidi kuipinda manifoldi. Kwenye petroli yenye sensa ya oksijeni, mwanya ulio kabla ya sensa hunyonya hewa ya nje kati ya pigo moja la moshi na jingine. Sensa husoma hewa nyingi, kompyuta huongeza petroli, na gari huanza kula mafuta bila sababu inayoonekana.

Upande wa hewa unahitaji maneno mengi zaidi, kwa kuwa hapo ndipo hasara kubwa hutokea kimyakimya. Kwenye injini ya petroli, manifoldi ya hewa huwa na mnyonyo mkali gari likiwa kwenye silensa, yaani injini ikiwaka bila kukanyagiwa mafuta. Gasketi ikivuja, hewa isiyopimwa huingia, injini hutetemeka, mzunguko hupanda na kushuka wenyewe, au huzima kwenye taa za barabarani. Dereva hulazimika kwenda kwa fundi siku ile ile. Kwenye dizeli isiyo na turbo hakuna ishara kama hizo. Injini kama 1HZ ya Toyota, silinda sita na lita 4.2, ambayo tangu 1990 imebeba Land Cruiser nyingi za mashirika, za polisi na za watalii katika ukanda huu, huvuta hewa bila kizuizi cha mlango wa kabureta, kwa hiyo mwanya mdogo haubadilishi chochote dereva anachoweza kukihisi. Gari linawaka na kutembea kama kawaida. Ila hewa inayopitia mwanyani haijapita kwenye chujio.

Kwenye lami hilo lingekuwa jambo dogo. Kwenye barabara ya changarawe wakati wa kiangazi, nyuma ya gari jingine, hewa iliyo chini ya boneti ni unga. Vumbi hilo lina chembe za mchanga ngumu kuliko chuma cha ringi za pistoni. Likiingia huchanganyika na mafuta kwenye kuta za silinda na kuwa dawa ya kusagia vyuma. Ringi huchakaa, mgandamizo hupungua, gari huwaka kwa shida asubuhi, hula oili, na moshi hutoka kwenye mdomo wa kujazia oili. Fundi akifungua hukuta silinda zimetanuka na huandika bei ya kufanya injini upya, huku chujio la hewa likiwa jipya kabisa na mwenye gari akiapa kwamba hulibadilisha kila mara. Kipimo cha kuzuia hasara hiyo hakihitaji mashine. Bomba linaloingia kwenye manifoldi hufunguliwa na kitambaa cheupe hupitishwa ndani, kadiri mkono unavyofika. Baada ya chujio hapatakiwi kuwa na vumbi hata kidogo. Likipatikana, kila kiungo kati ya chujio na hedi hukaguliwa: vibano vya mpira, nyufa za bomba, na gasketi ya manifoldi.

Matumizi ya magari haya huongeza mateso ambayo gari la mjini haliyajui. Kupanda kutoka sakafu ya kreta ya Ngorongoro hadi ukingoni ni kupanda takriban mita 600 kwa gia za chini, mwendo mdogo na mzigo kamili, bila upepo wa maana wa kupoza injini. Manifoldi huiva. Gari likifika juu likazimwa papo hapo, joto lote hubaki mahali pamoja. Likikutana na kijito chuma kikiwa bado cha moto, maji ya ghafla hupasua kile ambacho joto lilikuwa limekipinda tu. Dakika mbili tatu za kuiacha injini iwake bila mzigo kabla ya kuizima, na subira kidogo kabla ya kuingia majini, hazigharimu chochote.

Kisha kuna jambo ambalo gereji nyingi hulipita: bomba la ekzosi lenyewe. Bomba lile ni zito, na linatakiwa kuning'inia kwenye mipira yake chini ya gari. Barabara ya matuta hukata mipira hiyo, na ikikatika uzito wote huenda kwenye shingo ya manifoldi, ambayo hutikiswa kwa kila tuta. Mipira inayoshikilia injini ikichoka, injini hucheza kila gia inapobadilishwa huku bomba likiwa limekazwa kwenye fremu. Stadi zinazokatika mara kwa mara upande mmoja zina sababu yake, na sababu hiyo mara nyingi iko mita moja nyuma, chini ya sakafu ya abiria.

Kutafuta uvujaji kunahitaji injini baridi. Injini ikiwa ndiyo kwanza imewashwa, kipande cha mpira wa maji chenye urefu wa mita moja, ncha moja sikioni na nyingine ikipitishwa karibu na viungo, hutaja mlango unaovuja kwa usahihi wa kushangaza. Maji ya sabuni yakipakwa kwenye viungo, huku hewa ya shinikizo dogo ikipulizwa kwenye ncha ya bomba la ekzosi injini ikiwa imezimwa, hutoa mapovu palipo na mwanya. Desturi ya kunyunyiza petroli kwenye manifoldi ya hewa ili kusikia injini ikibadilika mlio inafaa iachwe; kwenye injini ambazo ekzosi iko upande huo huo, ni kuchokoza moto.

Kufungua ndiko kunakoamua kama kazi itakuwa ya saa chache au ya siku tatu. Nati za manifoldi zimechomwa na kupozwa kwa miaka mingi, na zimeshikana na stadi. Mafuta ya kulegeza kutu hupakwa siku moja kabla, hupakwa tena, na nati hujaribiwa kwa kwenda mbele na nyuma kidogo kidogo. Isiyotoka hupashwa moto yenyewe, mbali na mipira ya mafuta. Stadi ikikatika ndani ya hedi ya aluminiamu, kazi hiyo humfaa mtu wa mashine mwenye subira. Keekee inayoshikwa kwa mkono ikiteleza kidogo huingia kwenye aluminiamu laini na kuacha tundu lililopinda. Stadi zilizochakaa nyuzi hubadilishwa zote, pamoja na nati.

Mabaki ya gasketi hukwanguliwa kwa kipande cha mbao au plastiki ngumu, matundu yakiwa yamezibwa kwa vitambaa safi. Diski ya kusagia haifai hapa, kwa kuwa huchimba aluminiamu na chembe zake huingia kwenye injini. Ndipo hufuata hatua inayorukwa zaidi ya zote. Rula ya chuma iliyonyooka huwekwa juu ya uso wa manifoldi, kwa urefu na kwa mshazari, na fila gezi, yaani bati jembamba la kupimia mianya, hujaribiwa chini yake. Mwanya ukizidi kikomo kilichoandikwa kwenye kitabu cha injini hiyo, manifoldi hupelekwa kwenye mashine kupigwa skimu. Uso wa hedi hupimwa vivyo hivyo. Kwenye injini ambazo manifoldi mbili zimefungwa pamoja, kama 2F na Land Rover ya lita 2.25, hufungwa kwanza moja kwa nyingine na kusawazishwa kama kipande kimoja. Ukizisawazisha kila moja peke yake, zikikutana tena nyuso zao huweza zisilingane. Fundi asiye na rula hana njia ya kujua kama gasketi mpya itadumu, na mwenye gari ana haki ya kuomba kuona kipimo hicho kabla ya kulipa.

Gasketi ya ekzosi hufungwa ikiwa kavu. Silikoni inayopakwa "kwa usalama" huungua mbele ya moshi, na mvuke wake huharibu sensa ya oksijeni. Ikipakwa nyingi upande wa hewa, vipande vyake huishia kwenye vali. Nati huanzia katikati kwenda pembeni kwa zamu, katika awamu mbili au tatu, kwa spana ya kupimia nguvu na kwa kiwango kilichoandikwa kitabuni, ambacho kwa kawaida ni kidogo kuliko kile mkono wa fundi unachokizoea. Kwenye manifoldi zilizounganishwa, bolti za kati yao huachwa zimelegea hadi zote mbili zikae vizuri kwenye hedi, ndipo hukazwa. Bomba la ekzosi huunganishwa mwisho, likiwa limeshikiliwa na mipira mizima, bila kuvutwa kwa nguvu lifike.

Baada ya safari za kwanza, na injini ikiwa imepoa kabisa, nati hukaguliwa tena pale ambapo mtengenezaji anaelekeza hivyo. Tochi hupitishwa kando ya kila mlango. Masizi yakionekana pale pale palipokuwa na uvujaji wa zamani, manifoldi hutolewa na kupimwa upya, pamoja na uso wa hedi, kabla ya mtu yeyote kutumwa dukani kununua gasketi nyingine.